Baba Akishatoka Chumbani: Kisa cha Emily na Kazi ya Hadithi kwa Mtoto Mdogo

Mtoto wa miezi 21 amelazwa kitandani. Baba amezungumza naye, amemweleza kesho kutakuwaje, amemuaga na kutoka. Mtoto hajalala. Anaanza kusema peke yake, na karibu yake kuna kinasa sauti ambacho wazazi wamekiacha kikiendelea kurekodi.

Katika utafiti mtoto huyu anajulikana kwa jina la Emily. Wazazi wake, Wamarekani, waliendelea kumrekodi hivyo hadi alipofikisha miezi 36, na kanda hizo zikafika kwa Katherine Nelson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York. Nelson hakuzichambua peke yake. Alikusanya wanasaikolojia na wanaisimu, akiwemo Jerome Bruner na daktari wa akili Daniel Stern, wakasikiliza, wakasoma, wakabishana, na mwaka 1989 kazi yao ikatoka kama kitabu. Hadi leo ni miongoni mwa rekodi chache zinazotuwezesha kumsikia mtoto mdogo akisimulia pasipo mtu wa kumsimulia.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu hadithi na malezi ya watoto wadogo karibu yote humhusu mtu mzima. Asimulie nini, asimulie lini, abadilishe sauti vipi, hadithi iwe na funzo gani. Mtoto tunamwona kama chombo kitupu kinachosubiri kujazwa. Kanda za Emily zinatuhamishia upande wa pili, tumwone mtoto anafanya nini na hadithi akiachwa nayo. Na ninavyozisoma, zinaonyesha kwamba kabla hadithi haijawa njia ya kumpa mtoto maadili, ina kazi nyingine kubwa zaidi kwake: ndiyo anayoitumia kuelewa maisha yake yanakwendaje.

Alichokisema, na alichokinyamazia

Katika miezi hiyo 15 nyumba ya Emily ilikuwa na mabadiliko makubwa. Mama alijifungua mtoto wa pili, Emily akahamishiwa chumba kingine, na baadaye akaanza shule ya chekechea. Ukimwuliza mtu yeyote mwenye uzoefu wa watoto atabashiri kwamba mtoto atakuwa anazungumzia ujio wa mdogo wake. Sivyo ilivyokuwa. Nelson na wenzake walikuta kwamba sehemu kubwa ya maneno ya Emily ilihusu mambo ya kila siku: nani atampeleka kwa mlezi wa mchana, nani atakuja kumchukua, akiamka nini kinatangulia na nini kinafuata, gari gani litatumika.

Hapa ndipo ninapopaona pana utajiri kuliko mahali pengine popote katika kisa hiki. Sisi watu wazima tunaona tukio kubwa ndilo lenye hadithi. Siku ya kawaida haina kitu cha kusimulia kwa sababu tumekwisha kuijua. Lakini mtoto wa miaka miwili hajaijua. Kwake yeye, kwamba baba huondoka asubuhi na kurudi jioni, kwamba leo ni siku ya shule na kesho siyo, kwamba baada ya kulala mchana mtu fulani huja kumchukua, hayo yote bado ni mafumbo. Hana saa. Hana kalenda. Wanaojua mpango ni wengine, na yeye hubebwa tu kutoka tukio moja hadi jingine. Mtu aliye katika hali hiyo anahitaji kwanza kujua mpangilio wa kawaida kabla hajaweza hata kushangaa kwamba kuna jambo limetokea nje ya kawaida.

Tusikilize moja ya kanda za mwanzo kabisa, za miezi 21. Kwa Kiswahili maneno yake yanakaribia kuwa hivi: limeharibika, gari limeharibika, Emmy (ndivyo anavyojiita) hawezi kupanda gari, panda gari la kijani, hapana, Emmy panda gari, limeharibika, gari lao limeharibika, kwa hiyo mama na baba wanapanda gari lao, Emmy na baba wanapanda gari, Emmy na baba na mama wanapanda gari.

Ukisoma haraka utasema anabwabwaja. Soma tena taratibu. Kuna jambo moja lililoharibu utaratibu, nalo ni gari kuharibika. Kutokana na hilo kuna tokeo: hawezi kupanda. Kisha anajaribu njia za kutoka, moja baada ya nyingine. Labda gari la kijani. Hapana. Labda baba na mama. Labda yeye na baba. Labda wote watatu. Anawapanga watu na magari upya, kila mara akitafuta mpangilio utakaokubali. Hajaweza kuufikia, hana hata maneno ya kutosha, lakini swali analijua: gari likiharibika, nani huenda na nani, kwa gari lipi? Mtoto wa miezi 21 ana tatizo, na chombo alichokichukua kulitatulia ni simulizi.

Kesho tukiamka

Sasa turuke hadi miezi 32. Emily ameanza chekechea. Ni usiku, na anaisimulia kesho. Kesho tukiamka, anasema, kwanza yeye na baba na mama watakula kifungua kinywa kama kawaida yao, halafu watacheza, kisha rafiki yake atakuja, watacheza kidogo, kisha wote wawili watateremka hadi kwenye gari na mtu fulani, watakwenda shuleni, wakifika watashuka, wataingia ndani, wataagana na baba, naye atakwenda kazini wao wakibaki kucheza.

Katikati ya mpango huo anasimama na kufanya jambo la ajabu. Anaanza kujieleza utaratibu wa wiki: mara nyingine huenda chekechea kwa sababu ni siku ya chekechea, mara nyingine hukaa na mlezi wake, na mara nyingine hucheza mchezo wa baba na mama. Kisha anarudi kwenye siku yake: lakini leo ninakwenda chekechea asubuhi. Na anaanza kuisimulia upya, safari hii akitia hata kengele ya mlango italia na rafiki ataingia.

Tofauti kati ya kanda hizi mbili ni ya miezi 11 tu. Katika ile ya kwanza matukio yalirundikana, na kilichoyaunganisha ni kurudiarudia tu. Katika hii kuna kwanza, halafu, kisha. Kuna sababu. Zaidi ya hayo, kuna mizani kati ya kinachotokea siku zote, kinachotokea mara nyingine, na kitakachotokea kesho hasa. Hayo ni mambo matatu tofauti, na mtu asiyeweza kuyatofautisha hawezi kupanga wala kungojea. Hawezi hata kufarijiwa kwa maneno "baba atarudi jioni kama kila siku," kwa sababu "kama kila siku" bado haina maana kwake.

Wachambuzi waliona maendeleo hayo yakipita hatua kwa hatua ndani ya kanda. Bruner na Joan Lucariello walifuatilia jinsi Emily alivyozidi kushika mfuatano, kisha yaliyo ya kawaida na yasiyo ya kawaida, kisha mtazamo wake mwenyewe juu ya anachokisimulia. Nelson na Elena Levy wakaonyesha jambo ambalo mimi binafsi nalipenda sana: baadhi ya maneno, hasa yale ya wakati na ya sababu, Emily aliyatumia kabla hajayaelewa sawasawa. Aliyaokota katika mazungumzo ya wakubwa, akayatia katika masimulizi yake mahali palipofanana na pale alipoyasikia, na maana yakaipata humo humo kwenye matumizi.

Baba na mbio

Kanda ya tatu nayo ni ya baadaye kuliko ile ya gari. Baba alitaka kushiriki mbio, hakukubaliwa. Emily, peke yake usiku, anasema takriban hivi: leo baba alikwenda, akajaribu kuingia kwenye mbio, lakini watu wakasema hapana, kwa hiyo itabidi azitazame kwenye televisheni. Sijui kwa nini iwe hivyo, labda kwa sababu watu ni wengi mno. Nadhani ndiyo sababu hakuweza kuingia. Natamani ningeweza kumtazama. Lakini wakasema hapana, hapana, hapana.

Hii ni hadithi kamili. Ina mtu anayetaka kitu, kizuizi, na alichoishia kukifanya. Bruner alishikilia kwamba simulizi huzaliwa pale kilichotarajiwa kinapovunjika, na hapa kimevunjika: baba, ambaye kwa mtoto anaweza yote, ameambiwa hapana. Kisha kuna sentensi ambayo mtoto wa gari lililoharibika asingeweza kuitunga, ya kwamba hajui sababu. Kukiri kutojua, kisha kukisia, kisha kulipima kisio na kukubaliana nalo, hizo ni hatua za fikra ambazo walimu wa madarasa ya juu huzitafuta kwa tochi. Na mwishoni mtoto anasema analotamani, anajitia mwenyewe ndani ya hadithi ya mtu mwingine.

Angalia pia kwamba sababu aliyoikisia iko vichwani mwa watu asiowajua. Wale waliosema hapana lazima walikuwa na sababu yao, naye anajaribu kuona kwa macho yao. Utafiti mwingine, uliofanywa na Heinz Wimmer na Josef Perner mwaka 1983, ulionyesha kwamba ni kati ya miaka minne na sita ndipo watoto wengi huanza kuelewa kwa uhakika kwamba mtu mwingine anaweza kuamini jambo ambalo si kweli. Njia ya kufika huko hupita katika hadithi, maana hadithi yoyote humlazimisha mtoto kushika pamoja kilichotokea na kile ambacho kila mhusika anakijua, anakitaka au anakiogopa.

Kwa nini alisema peke yake?

Kundi la Nelson halikukubaliana kwa kila kitu, na mivutano yao inasaidia. Maelezo ya kwanza ni mazoezi ya lugha. Mwanaisimu Ruth Weir alikuwa amemrekodi mwanawe Anthony kitandani, kazi iliyochapishwa mwaka 1962, na alichokisikia kwa wingi kilikuwa uchezeaji wa sauti na wa sentensi: mtoto huchukua sentensi moja, hubadilisha neno moja, hurudia, hubadilisha jingine. Kwa Emily pia hayo yapo. Ile "hapana, hapana, hapana" ya mwisho ni karibu wimbo. Lakini mazoezi ya lugha hayatoshi kueleza kwa nini mada ni zile zile za nani anakuja na lini.

Maelezo ya pili ni faraja. Mzazi ametoka, giza limeingia, mtoto ananong'ona maneno ya baba ili baba abaki naye kidogo. Naliamini hilo kwa sehemu, kwa sababu masimulizi yenyewe yalianza pale ambapo mzazi ametoka, na mengi aliyoyasema yalikuwa mwangwi wa mazungumzo ya dakika chache zilizopita. Lakini faraja tupu ingeweza kupatikana kwa kurudia maneno yale yale. Emily hakuyarudia tu. Aliyapanga upya, akayaongeza, akayaweka sababu.

Ndiyo maana mimi niko upande wa maelezo ya tatu, ambayo Carol Feldman aliyatetea ndani ya kundi lile: kwamba haya ni masimulizi ya kutatua mafumbo. Mtoto ana jambo lisilomkalia sawa, na anaendelea kulisimulia mpaka likae. Mwanasaikolojia wa Kisovieti Lev Vygotsky alikuwa amefikiri kwa mkondo huu miaka mingi nyuma, aliposema kwamba mtoto anapojisemesha ameyachukua mazungumzo ya kijamii na kuyageuza kuwa chombo chake cha kufikiri, na baadaye yatazama ndani kabisa yawe fikra za kimya. Kitanda cha Emily kinatuonyesha kazi hiyo ikiwa nusu njia, bado ina sauti, bado tunaweza kuisikia.

Na jambo moja la kupimia: Nelson aliona kwamba masimulizi ya Emily akiwa peke yake mara nyingi yalikuwa marefu na yenye muundo mgumu kuliko aliyoyasema akiongea na wazazi wake. Anayepima lugha ya mtoto kwa kumhoji ana kwa ana, akampa alama, akafunga daftari, ameona sehemu ndogo.

Baba alifanya nini hasa

Isieleweke kwamba mtoto alijizalia haya yote. Kila usiku kulikuwa na mazungumzo kabla ya upweke. Baba alimweleza Emily siku ya kesho, na yeye aliuliza, akadai arudiwe. Malighafi ilitoka kwa baba. Alichokifanya baba, pengine bila kukusudia, ni mambo mawili: alisimulia mambo halisi ya maisha ya mtoto kwa mpangilio na kwa sababu zake, kisha akaondoka.

Hilo la kwanza lina ushahidi mpana kuliko kisa kimoja. Wanasaikolojia Robyn Fivush, Elaine Reese na wenzao wamechunguza kwa miaka mingi jinsi wazazi wanavyokumbushana na watoto wadogo mambo yaliyopita, na tofauti waliyoikuta kati ya mzazi na mzazi ni kubwa. Wapo wanaouliza kama mtihani. "Jana tulikwenda wapi?" "Kwa bibi." "Tukaona nini?" Mtoto kimya. "Tukaona nini? Si uliona paka? Haya sema, paka." Mazungumzo yamekwisha, na mtoto amebaki na neno moja ambalo alikuwa nalo tangu mwanzo.

Wapo wengine wanaokwenda hivi. "Jana tulipokuwa kwa bibi, yule paka akaingia chini ya kitanda akagoma kutoka. Wewe ukafanya nini?" "Nikamwita." "Ukamwita kweli, tena kwa sauti, naye akawa anakutazama tu. Unadhani alikuwa anaogopa nini?" Mzazi huyu ametoa tukio, akaacha pengo ambalo mtoto anaweza kulijaza, akapokea jibu na kulikuza, kisha akafungua mlango wa moyo wa paka. Watoto wanaolelewa kwa mazungumzo ya namna hii huwa na kumbukumbu pana zaidi za maisha yao na husimulia kwa ukamilifu zaidi.

Tena ni jambo linalofundishika kwa mzazi yeyote. Carole Peterson, Beulah Jesso na Allyssa McCabe walichapisha mwaka 1999 utafiti mdogo wa Kanada uliohusu familia za kipato cha chini. Baadhi ya akina mama walielekezwa, kwa muda wa mwaka mmoja, wawe wanazungumza na watoto wao mara kwa mara juu ya mambo yaliyowatokea, waulize maswali yaliyo wazi, wamwache mtoto aendeshe mazungumzo na wamtie moyo aendelee. Hawakupewa vitabu vya bei wala vifaa. Watoto wao walizidi wenzao.

Hilo la pili, la kuondoka, halisemwi sana. Wengi wetu tukimaliza kusimulia tunadai malipo papo hapo: umejifunza nini? Sungura alikosea wapi? Na wewe utakuwa kama sungura? Mtoto hujibu kile anachojua tunakitaka, na hadithi inafungwa kabla hajaifungua. Ningependa tuliache swali hilo kabisa kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Si kwamba maadili hayana maana. Ila mtoto ambaye bado anapanga nani alifanya nini kabla ya nani hawezi kuruka hadi kwenye hukumu, na tunapomsukuma huko tunamnyang'anya kazi aliyokuwa anaifanya. Vivyo hivyo kwa yule anayedai hadithi ile ile kila siku, na kupiga kelele ukiruka kipande. Anauhakiki mpangilio. Mwache auhakiki, msimulie tena.

Hadithi iliyorekodiwa kwenye simu ina faida zake, lakini haijui kwamba jana mtoto huyu alimwita paka akakataa kutoka.

Mipaka ya kisa

Emily ni mtoto mmoja. Alikuwa mwepesi wa kusema kuliko watoto wengi wa umri wake, alikuwa na wazazi wenye muda na hamu ya kuzungumza naye, na alilala chumbani mwake peke yake. Haifai kuchukua miezi 21 au 32 kuwa kipimo cha kumlinganishia mtoto mwingine. Wapo watoto wengi wenye akili timamu ambao katika umri wa gari lililoharibika wana maneno machache tu, na wanafika salama.

Suala la kulala peke yake linahitaji kuangaliwa vizuri zaidi, kwa kuwa watoto wengi duniani hawalali peke yao na wala hawahitaji. Nafasi ya kujisimulia haimo kitandani pekee. Msikilize mtoto anayecheza na vikopo na vijiti akidhani hakuna anayemtazama. Msikilize akiwa anaoga, au akitembea nyuma yako hatua mbili huku midomo inacheza. Mwingine hasemi kabisa lakini huigiza: hulaza mwanasesere, humfunika, humuaga, hutoka, hurudi. Hiyo pia ni kesho tukiamka, imesimuliwa kwa mikono. Kwa mlezi wa kituo chenye watoto wengi, maana yake ni kwamba muda wa kucheza bila maelekezo, baada ya hadithi, ni sehemu ya hadithi hiyo, na haupaswi kukatwa ili kazi nyingine ianze.

Lipo jambo jingine ambalo ningelisema kwa mzazi yeyote waziwazi. Hadithi si tiba ya kila kitu. Mtoto anayekaribia miaka mitatu ambaye hasemi, au anaonekana haelewi anachoambiwa, au aliyekuwa anasema akaacha, apelekwe apimwe, kuanzia masikio. Kumsimulia kuendelee, lakini kusiwe sababu ya kuchelewa.

Nikirudi kwa wale ambao mtoto wao yuko salama na wanataka kuanza, kuna kipengele kimoja cha utafiti wa Kanada nisichotaka kipotee. Walipopima mara baada ya mwaka wa maelekezo kwisha, kilichokuwa kimepanda kilikuwa msamiati. Uwezo wenyewe wa kusimulia, hasa wa kuweka mahali na wakati, ulikuja kuonekana walipowapima watoto wale tena mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo mzazi anayeanza leo usiku, akamweleza mwanawe kesho itakavyokuwa, asitege sikio wiki ijayo akitafuta matokeo. Usiku wa kwanza huenda akapata maswali tu, yale yale, mara nyingi mfululizo: halafu? Halafu nani anakuja? Ayajibu yote, tena kwa mpangilio ule ule aliouanza nao.